Barza na Bidoni: Maandishi Kuhusu Kando ya Ziwa Kivu Mjini Goma

Neno "baraza" limesafiri mbali, na limebadilika njiani. Katika Kiswahili cha pwani, baraza ni ukumbi au kikao cha mawe mbele ya nyumba, mahali ambapo mwenye nyumba hupokea wageni. Na kwa kuwa wageni hao huzungumza mambo ya mji, baraza ni pia mkutano wenyewe na uamuzi unaotoka humo. Neno hilo lilifika Kongo na misafara ya karne ya 19, kisha likaingia katika Kifaransa cha Wabelgiji kwa umbo la "barza". Humo lilipoteza nusu ya maana yake. Barza ya nyumba ya mkoloni ilikuwa ukumbi wenye paa na viti vya kuegemea, mahali pa kuketi jioni na kutazama. Hapakuwa na mkutano wala uamuzi. Ilibidi kungoja mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipoundwa Barza Intercommunautaire ya Kivu ya Kaskazini ili kuwakutanisha wazee wa makabila, ndipo neno lilipoupata tena mkutano wake, nalo bado limevaa nguo za Kifaransa.

Makala haya yanachukua neno hilo kuwa ufunguo wa kuhakiki maandishi yaliyopo kuhusu mitaa ya kando ya ziwa mjini Goma: Les Volcans, Himbi, Keshero na Lac Vert. Mitaa hiyo ina historia ya pekee. Sehemu yake kubwa ilianza kama mahali pa mapumziko, na maandishi karibu yote yanayoieleza yametungwa kutoka barzani, yaani kwa jicho la mtu aliyeketi na kutazama maji. Kiswahili cha wakazi, kwa upande wake, kimekua kutokana na watu wanaoshuka majini na kurudi na mzigo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwandishi wa Kiswahili anayeandika leo kuhusu kando ya ziwa, kwa kuiga fasaha ya pwani, anajikuta ameketi barzani bila kujua, na kwamba hasara yake si ya mtindo peke yake.

Yafaa kutanguliza historia kwa ufupi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni baridi kidogo, halina mamba wala viboko. Kwa Mbelgiji aliyetoka katika joto la bonde la Mto Kongo, hayo yalitosha. Upande wa mashariki palikuwa na Gisenyi, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani, chenye ufuko wa mchanga. Kaskazini palikuwa na volkano na Hifadhi ya Albert, iliyoundwa mwaka 1925. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, ambayo kazi yake ilikuwa kugawa ardhi na kuwavuta walowezi wa Kizungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili watalii wakaongezeka, hoteli zikajengwa, Grands Lacs ikiwa mojawapo ya zile za Goma zenye jina, na viwanja vya kando ya maji vikakatwa virefu na vyembamba ili kila nyumba ipate ziwa lake. Huko Gisenyi barabara ilifuata maji, na mpita njia yeyote aliweza kuyaona. Goma viwanja viliteremka hadi majini na barabara ikabaki nyuma ya kuta. Tofauti hiyo ya upimaji wa ardhi, inayoonekana kuwa ndogo, ndiyo iliyoamua nani angeliona ziwa kwa miaka iliyofuata.

Maandishi ya kwanza yanayostahili kuhakikiwa ni vitabu vya kuwaongoza wasafiri. Ofisi ya Utalii ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi ilitoa toleo la kwanza la kitabu chake kikubwa mjini Brussels mwaka 1949. Si haki kukihukumu kitabu cha aina hiyo kama riwaya. Kazi yake ilikuwa kutaja njia, umbali, urefu wa milima na hoteli, na aliyekishika mkononi hakupotea. Lakini sarufi yake yafaa kuangaliwa. Katika maandishi ya namna hiyo vitenzi vinavyotawala ni vya macho: kuona, kutazama, kugundua. Ziwa ni yambwa wa kila kitenzi, na halina mtu anayelitumia. Wenyeji, wanapotajwa, huwa sehemu ya kile kinachoonwa, pamoja na migomba na mitumbwi. Ukiuliza ni nani aliyepeleka maji katika bafu za hoteli hizo, kitabu hakina jibu, maana mtazamaji hakugeuka nyuma.

Kumbukumbu za Rosamond Halsey Carr, Mmarekani aliyefika Kongo mwaka 1949 na kukaa upande wa Gisenyi hadi alipofariki mwaka 2006, ni jambo jingine. Kitabu chake, *Land of a Thousand Hills*, kilichotoka mwaka 1999, hakina uvivu wa mtalii. Mwandishi alilima pareto, akauza maua, na Desemba 1994, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, alifungua nyumba ya kulelea watoto yatima. Isitoshe, msimamizi wake Sembagare ana jina, familia na maamuzi yake katika kitabu, jambo ambalo ni nadra katika maandishi ya walowezi. Hata hivyo, Goma na Gisenyi zinapoingia katika simulizi za miaka ya 1950, zinaingia kama mahali pa kuteremkia kutoka shambani kwenda kukutana na marafiki. Mwandishi huyo mwema, aliyejua kazi ya shamba kwa mikono yake, hakuwa na sababu ya kujua kazi ya ziwa. Barza si lazima iwe ya mtu mwovu. Ni mahali pa kuketi tu, na kila aliyeketi hapo huona yale yanayoonekana kutoka hapo.

Mfano mmoja waweza kupima tofauti hiyo vizuri kuliko nadharia. Usiku, wavuvi wa Kivu huenda ziwani na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, yenye miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma, na taa za kuwavutia samaki. Wanachotafuta ni sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. (Msomaji wa Dar es Salaam akikutana na "sambaza" kama nomino atasita kidogo, kwake hicho ni kitenzi, na samaki ni dagaa.) Kutoka barzani taa hizo ni pambo. Karibu kila anayeandika juu ya usiku wa Goma au Gisenyi anazitaja, na akitaka kuongeza uzuri anaongeza mbalamwezi. Hapo ndipo kalamu inapojifichua. Samaki huyo huvutwa na taa kwa sababu kuna giza. Mwezi ukiwaka, mwanga wa taa haumdanganyi, na mvuvi hurudi na kidogo au haendi kabisa. Mbalamwezi na taa nyingi majini haviendi pamoja kwa urahisi. Anayeviweka katika sentensi moja ameandika mandhari ya kadi ya posta, na mhakiki hana haja ya kumwuliza kama amewahi kuketi na wavuvi.

Swali la kufuata ni: Kiswahili kilikuwa wapi katika mandhari hiyo? Kilikuwa nyuma ya nyumba. Kila villa ilikuwa na "boyerie", safu ya vyumba vidogo uani ambamo waliishi watumishi, na langoni palikuwa na zamu. Neno hili la pili linastahili kusimama kidogo. Katika Kiswahili sanifu zamu ni nafasi ya mtu katika kazi ya kupokezana. Huwezi kuwa zamu, waweza kuwa wa zamu au kushika zamu. Kongo zamu ni mtu mwenyewe, mlinzi wa nyumba, hata kama hapokezani na yeyote na analinda usiku na mchana. Lugha imekumbuka kazi na kusahau kupokezana. Hali kadhalika, Kiswahili ambacho mkoloni alijifunza katika vijitabu vyake kilikuwa kwa sehemu kubwa Kiswahili cha hali ya kuamuru: leta, funga, fagia, ngoja. Wanaisimu wameandika mengi kuhusu umbo lililorahisishwa la lugha hiyo. Lililosemwa kidogo ni kwamba lugha yenye hali moja tu ya kitenzi haiwezi kusimulia. Kwa hiyo wale waliolijua ziwa la mapumziko kwa ukaribu kuliko wote, yaani wapishi, walinzi, wapiga makasia na watunza bustani, hawakuulizwa chochote ambacho jibu lake lingekuwa hadithi.

Uhuru wa 1960 haukuibomoa barza, ulibadilisha walioketi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, na mwezi Novemba mwaka huo huo Mobutu alitangaza hatua za kukabidhi mali za wageni kwa Wazaire. Rais mwenyewe alikuwa na makazi yake kando ya ziwa mjini Goma. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa, na Goma ikawa makao makuu ya mkoa. Kisha ikaja Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu katika majuma yaliyofuata. Maji ya ziwa yalikuwa ya kwanza kunywewa, kwa kuwa hayakuwapo mengine: mji umejengwa juu ya mawe ya volkano yanayopitisha maji kama chujio, hauna mto wala visima vya kutosha.

Kuanzia hapo villa za zamani zilipata wapangaji wapya. Karen Büscher na Koen Vlassenroot, katika uchunguzi wao wa mwaka 2010, wameonyesha jinsi kuwapo kwa mashirika ya misaada kulivyopandisha kodi za nyumba na kuzijenga upya sehemu za mji, hasa karibu na maji. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 na kuteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, mawe yake meusi yalikuwa vifaa vya ujenzi mwaka uliofuata. Kuta za viwanja vya ziwani zilinyanyuka juu zaidi, zikiwa na nyaya za miiba. Mapumziko yakawa huduma ya wafanyakazi wa kigeni siku ya Jumapili. Tangu mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilipouteka mji, uwanja wa ndege ukafungwa na mashirika mengi yakapunguza watu wake, na kuta hizo zimewapoteza wengi wa wapangaji wao. Kuta zenyewe hazikuondoka.

Majina ya mitaa yanasimulia jambo hilo hilo kwa njia ya kimya. Majengo na Mapendo, mitaa yenye majina ya Kiswahili, iko ndani, mbali na maji. Kando ya ziwa yamo majina mawili ya Kifaransa na mawili ya wenyeji wa zamani wa eneo hilo. Kiswahili, lugha inayosemwa na karibu kila mkazi, hakikuupa jina hata mtaa mmoja kati ya hiyo minne. Kiliacha alama mahali pengine: hoteli moja ya Keshero iliitwa Karibu. Ni neno zuri, nalo ni lile ambalo mwenyeji humwambia mgeni.

Sasa twaja kwenye Kiswahili kilichoandikwa. Mtu anayetaka kuusifu mwambao wa Goma kwa Kiswahili fasaha, iwe ni katika insha, utangulizi wa tamasha, tangazo au wimbo, huazima hazina iliyotengenezwa tayari Zanzibar na Mombasa: ufukwe, upepo mwanana, mandhari ya kuvutia, mawimbi yanayobembeleza. Hazina hiyo ina haki yake kwao. Goma inaleta matatizo mawili. La kwanza ni la ukweli. Ufukwe ni mchanga wa kando ya maji, na mwambao wa Goma kwa sehemu kubwa ni mwamba mweusi wa lava unaokata miguu. Sehemu yake moja ni changa sana, kwa kuwa lava ya 2002 iliingia ziwani na kuongeza nchi kavu. La pili ni la mtazamo. Msamiati wa fasaha ya utalii wa pwani umetungwa, kama kitabu cha 1949, kwa ajili ya mtu aliyekuja kutazama. Kwa kuuhamishia Goma, mwandishi hakutoa barza ya mkoloni, ameitafsiri.

Itasemwa kwamba hakuna njia nyingine, kwa sababu fasihi ya Kiswahili ni ya bahari. Hoja hiyo haisimami. Ukerewe peke yake yatosha kuikanusha. Aniceti Kitereza aliandika hadithi ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980. Euphrase Kezilahabi aliiweka *Rosa Mistika* (1971) katika kisiwa hicho hicho. Kwa waandishi hao wawili ziwa ni njia, ni chakula, ni mpaka kati ya nyumbani na ugenini. Hawalipambi, maana aliyezaliwa kisiwani hana haja ya kuambiwa kwamba maji yapo. Kanda ya Ziwa ya Tanzania ina hata neno lake, "mwalo", mahali mitumbwi inapofikia na samaki kuuzwa, neno lisilo na harufu yoyote ya likizo. Mwandishi wa Goma aliye na Kitereza kwenye rafu yake hawezi kudai kwamba Kiswahili hakikumpa mfano.

Ila mfano huo nao una kikomo, na hapa uhakiki wa kawaida wa fasihi ya maziwa makuu umekuwa mwepesi mno. Ukerewe ni kijiji. Goma ni mji ambao ziwa lake liliwahi kuwa bidhaa, na ambao wakazi wake wengi wanalifikia kwa vichochoro kati ya kuta mbili. Msamiati wa hali hiyo haumo katika Kitereza wala katika vitabu vya watalii. Umo midomoni mwa watu.

Kitenzi chake kikuu ni kushuka. Mtu wa Goma haendi ziwani, anashuka. Na anayeshuka amechukua bidoni, chombo cha plastiki cha manjano cha lita 20, ambacho kwa familia nyingi ndicho kipimo cha siku. Baadaye kuna kuchota, kupanda, kupumzika njiani, na kwa mwenye uwezo kuna kukodi chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio ambayo mji umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara. Sanamu hiyo inamtukuza mwanamume anayesukuma. Wanaoshuka na bidoni kwa wingi zaidi ni wanawake na watoto, nao hawana sanamu. Ni mfano mwingine wa jinsi jicho linavyochagua.

Sarufi ya Kiswahili cha Kivu inawasaidia kusema jambo ambalo Kiswahili sanifu hulisema kwa kuzunguka. Badala ya kiambishi "-ni" wasemaji hutumia ku, mu na pa kabla ya nomino. "Ziwani" ya kitabuni ni moja, na ni upatanisho tu unaojulisha kama ni kule, mle au pale. Goma mtoto aliyekwenda *ku ziwa* amekwenda kuchota maji. Aliye *mu ziwa* yumo ndani ya maji, na aliyesikia sentensi hiyo anainuka mbio. Wasahihishaji wa insha hufuta maumbo hayo kwa wino mwekundu na kuandika "ziwani" juu yake. Wana sababu zao, na sanifu lazima ifundishwe. Lakini anayesahihisha yafaa ajue amefuta nini.

Neno "beach" nalo lina historia ya kuchekesha. Kongo nzima, kuanzia Beach Ngobila ya Kinshasa, neno hilo la Kiingereza halimaanishi mahali pa kuota jua. Ni gati: forodha, wapagazi, vibali, magunia, kelele. Lugha ya Wakongo imelichukua neno la likizo na kulipeleka kazini. Kituku, katika Keshero, ni beach kwa maana hiyo kamili. Mitumbwi na mashua kutoka Minova na sehemu nyingine za ziwa huleta mihogo, ndizi, maharagwe na abiria. Kando yake watu huchota maji, hufua na huosha watoto. Mwaka 2024, barabara ya Sake ilipofungwa na vita, ziwa lilikuwa njia iliyobaki ya kuulisha mji, na mashua zilijaa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo mashua *Merdi*, iliyotoka Minova, iliinama na kuzama karibu kabisa na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingoja. Wengi walikufa. Picha zilizopigwa kutoka nchi kavu zilienea siku ile ile, na mtu yeyote aliyeziona anajua kwamba kuna kutazama maji kwa namna nyingine, ambako fasaha ya barza haina neno lake.

Limebaki neno moja ambalo, kuliko yote, laonyesha kitu kinachopotea. Magharibi ya mji, kuanzia Himbi na Keshero kuelekea Sake, ardhi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi kupitia nyufa za lava. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hukusanyika mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na humwua aliyelala, aliyeinama, mbuzi, au mtoto ambaye kichwa chake hakijafikia kimo cha mtu mzima. Haionekani. Wakazi wanaiita mazuku. Msikilizaji wa Kiswahili cha pwani atakumbuka kitenzi "zuka" na mizuka ya hadithi, na wanajiolojia wameieleza kwa wasomaji wao kuwa ni "upepo mbaya". Maarifa yaliyomo katika neno hilo si ya mizuka. Anayelijua hujua kwamba mahali penye wadudu waliokufa hapakaliwi, kwamba mtoto habebwi chini, na kwamba saa ya kupita bondeni si kabla ya jua kupanda.

Sasa mtu alinganishe. Bustani iliyoteremka karibu na maji, yenye kivuli na ukimya, mahali upepo usipofika, wakati wa alfajiri: katika msamiati wa mapumziko hayo ni masharti ya uzuri, na tangazo lolote la nyumba ya kupanga lingeyasifu. Katika msamiati wa mazuku ni masharti ya hatari. Mwandishi anayemwelekeza msomaji kwenye "ukimya mwanana wa alfajiri ya Kivu" hajasema uongo, ila ametumia lugha isiyoweza kuona kilicho miguuni pake. Mji umepanuka upande huo huo wa magharibi kwa miaka mingi, na wengi waliojenga au kupiga mahema huko walikuwa wageni wa eneo: wakimbizi, waliohamishwa na vita, walionunua viwanja kutoka mbali. Kwa hao neno halikuja na ardhi.

Na neno lenyewe limepanda cheo. Tangu Benoît Smets na wenzake walipochapisha uchunguzi wao mwaka 2010, na hata kabla yao, "mazuku" ni istilahi ya sayansi; linatokea katika makala za Kiingereza na Kifaransa kuhusu volkano, likiwa limeandikwa kwa herufi za mlazo na kufuatiwa na maelezo. Ni nadra kwa Kiswahili cha Kongo kuipa dunia istilahi. Makala hizo zinaporudi Goma zinarudi kwa lugha zilizoandikiwa, zenye ramani, vipimo na asilimia za gesi, na katika ukurasa mzima neno pekee ambalo mama wa Keshero angelitambua ni lile ambalo mwandishi ameona lazima alitafsiri.